Wimbi Lisilofika

Madale, Dar es Salaam
9 Machi 2025

Mwanangu Kokuberwa,

Pokea salamu za shangazi yako. Najua wenzako wanaandikiana kwenye simu, lakini kambini kwako mtandao haupandi, na huku kwangu masikio yamegoma. Daktari anasema la kulia limekufa na la kushoto linaelekea hukohuko. Simu ikiita naiona tu inavyocheza mezani. Basi tuandikiane kama watu wa zamani, bahasha zipande basi, na anayetaka kucheka acheke.

Habari za huku: binamu yako Gladness amejifungua salama, mtoto wa kike, wako Kinyerezi kwa mumewe. Ana mapua ya ukoo wetu, maskini. Bukoba wamenitumia ndizi, nusu zikafika zimeiva, nikampa jirani yangu Mauwa, yule mama wa ukuta kwa ukuta anayeuza kisamvu sokoni Tegeta. Anaongea nami kwa mikono miwili na uso mzima, mpaka namwonea huruma.

Sasa jambo lenyewe. Sakafu yangu inatikisika. Usicheke! Tangu masikio yaondoke, miguu imekuwa na akili. Nikikaa kwenye kiti cha marehemu mume wangu Gervas, nikavua ndala nikaweka nyayo kwenye saruji, nahisi kitu kinagonga kutoka chini. Kinagonga kwa mpangilio, kinapumzika, kinagonga tena. Na kuna siku inakuja moja kubwa, vikombe vinahama kabatini. Nimefundisha jiografia maisha yangu yote, najua Dar si Bonde la Ufa. Lakini hata Bukoba hatukuwahi kufikiria, mpaka siku ile nyumba ilipomwangukia baba yako.

Wewe ndiye unayelipwa kuisikiliza dunia. Niambie, kuna nini chini ya nyumba yangu?

Pasaka uje. Chumba chako nimekifagia.

Shangazi yako,
Felicitas


Ngare Sero, Ziwa Natron
2 Aprili 2025

Shangazi, shikamoo.

Barua yako ilikwama Mto wa Mbu mpaka gari letu lilipoenda kuchukua mafuta. Mie mzima, ila nimekuwa rangi ya vumbi. Mwambie Gladness hongera, na mapua hayo yatamsaidia mtoto kunusa chakula kabla hakijaiva. Huku dereva wetu Brightson ameoa, tumekula mbuzi siku mbili.

Sasa tetemeko lako. Ile moja kubwa inayohamisha vikombe, mie naamini ni baruti za machimbo ya mawe upande ule wa barabara ya Bagamoyo. Huwa wanalipua mchana. Hiyo nyingine ya mpangilio siijui, na sipendi kusema nisichokijua. Kwa hiyo nakutumia kisanduku. Ni chombo cha akiba, kinatosha mkononi kama kopo la maziwa. Kiweke sakafuni sebuleni, kichomeke kwenye umeme, usikisogeze. Kina betri ndani, umeme ukikatika kinaendelea. Chochote kitakachotikisa sakafu kitajiandika kwenye kadi iliyo ndani.

Unauliza kuna nini chini ya nyumba yako. Kwanza udongo wa Madale, unaujua, mwekundu na wa kuteleza. Halafu ganda la dunia, kilomita thelathini na kitu za mwamba. Chini yake tabaka tunaloliita koti, kilomita karibu elfu mbili na mia tisa. Halafu kiini. Hakuna aliyefika, Shangazi. Shimo refu kuliko yote waliyochimba binadamu halikufika hata nusu ya ganda. Tunachofanya ni kusubiri tetemeko litokee mahali, tuone mtikisiko wake unatufikiaje.

Mitikisiko inayopita ndani ni ya aina mbili. Kuna ya kusukuma, kama watu kwenye foleni wanavyosukumana. Hiyo inapita popote. Na kuna ya kuyumbisha ubavu kwa ubavu, hiyo haipiti kwenye kitu cha majimaji. Tetemeko likitokea upande wa pili wa dunia, ile ya kwanza inafika, imepinda lakini inafika. Ya pili haifiki kabisa. Ndivyo watu walivyojua kiini cha nje ni chuma kilichoyeyuka. Hawakukiona, walikosa tu wimbi walilokuwa wanalisubiri.

Pasaka sitaweza. Mlima wetu wa volkano umeanza kunguruma, likizo zimesimamishwa.

Wako,
Koku


Madale
27 Aprili 2025

Marahaba, mwanangu. Nimeitikia kwa sauti hapa mezani. Sijui imetoka kubwa au ndogo, maana mwenyewe siisikii.

Pasaka imepita. Gladness aliniletea mtoto, nikambeba mchana kutwa, akanitapikia gauni la kanisani. Mlango wa jiko umevimba kwa mvua, ukishafungwa mpaka uusukume kwa bega. Kisanduku chako kimefika salama, kondakta alikibeba kama mtoto. Nimekiweka chini ya meza ya sebuleni. Kina taa ndogo nyekundu, nimekuwa naiangalia jioni badala ya televisheni, ambayo nayo siku hizi ni midomo tu inayocheza.

Somo lako nimelisoma mara kadhaa, mwalimu ni mwalimu. Mie nilikuwa nafundishia yai la kuchemsha. Nalikata katikati mbele ya darasa: ganda, ute, kiini, haya andikeni! Kisha nalila, na chumvi nilikuwa nayo kwenye mkoba. Wanafunzi wangu wako nchi nzima wanaamini dunia imeiva mpaka katikati. Ndiyo hivyo, limeshaliwa.

Ila lile la wimbi lisilofika nimelielewa kuliko unavyodhani. Kwamba mnajua kilichomo ndani kwa kile kisichokuja. Vizuri. Basi na mie nina chombo changu. Barua zako zinakuja na vumbi, na mbuzi, na mlima, na chuma kilichoyeyuka. Wewe mwenyewe huji.

Nikuulize jambo, usinijibu kwa jiolojia. Krismasi ile uliyokuja, ulisema ndani joto, ukakaa kwenye kiti barazani mpaka majogoo. Chumba kile kina feni, Koku. Ulikuwa na nini?

Shangazi


Ngare Sero
25 Mei 2025

Shangazi, shikamoo.

Samahani kwa ukimya, njia ilikatika, korongo lilijaa. Brightson mkewe ana mimba tayari, huyu jamaa hana mchezo. Pole kwa gauni la kanisani.

Yai lako lilidanganya kidogo tu, usijali. Katikati kabisa ni kugumu kweli, ulikuwa sahihi bila kujua. Kuna mwanamke mmoja zamani aliona vijitikisiko vidogo vimejitokeza mahali ambapo kwa hesabu za wakati ule palitakiwa pawe kimya. Wenzake walivipuuza. Yeye akakaa navyo, akasema hapa ndani ya majimaji kuna kiini kingine kigumu kinachovirudisha. Ikawa kweli.

Na koti nalo si uji kama watu wanavyodhani. Ni mwamba, ukiugonga mgumu, lakini kwa joto lile na miaka mingi mno unajongea. Kama lami ya Tegeta saa saba mchana: unaikanyaga haibonyei, lakini malori yakisimama hapo kila siku, baada ya mwaka unaona mabonde. Huku kwetu koti linapanda, ndiyo maana bonde linapanuka na mlima unatapika.

Kadi itakuwa inakaribia kujaa. Bonyeza pembeni, itatoka. Weka hiyo nyingine niliyoifunga kwa karatasi. Hiyo iliyojaa nitumie kwa basi.

Kazi nyingi, Shangazi. Nitaandika vizuri siku nyingine.

Koku


Madale
20 Juni 2025

Mwanangu,

Kadi hiyo hapo. Sie wazima. Mtoto wa Gladness ameanza kucheka. Pentekoste sikwenda kanisani, mvua.

Mwandiko usikusumbue, mkono umechoka.

Mlima usikupeleke mbio. Kula.

F.


Ngare Sero
13 Julai 2025

Shangazi, shikamoo.

Leo sianzi na habari za Brightson.

Nimeifungua kadi yako. Nimeisoma kwa kompyuta nikiwa kwenye hema, mwanzo nikiwa nacheka peke yangu. Baruti zipo, kubwa, mchana, kama nilivyosema. Na ile ya mpangilio nimeijua: ni Mauwa! Anatwanga kisamvu. Kinu chake kiko nyuma ya ukuta wako, mchi unapiga, unapiga, unapumzika anapogeuza majani, unapiga tena. Miezi yote hii umekuwa ukihisi mboga ya jirani, Shangazi, ukaniandikia tetemeko. Nilitaka kukuandikia barua ya kukutania mpaka ukasirike.

Kisha nikaziona hatua zako. Sikuwa nimezitafuta. Chombo kinaandika kila kitu, na mtu akitembea sebuleni anaonekana wazi. Nimekujua unavyoamka, unavyokwenda jikoni, unavyorudi. Nimejua kwamba jioni unatembea sana humo ndani, kutoka ukuta hadi ukuta, na hakuna hatua za mtu mwingine siku nyingi mfululizo. Hilo hukuniandikia.

Halafu Jumapili ya Pentekoste. Asubuhi unatembea kutoka jikoni. Kinakuja kishindo kimoja kizito karibu kabisa na chombo. Baada ya hapo hakuna hatua.

Nikasema labda umetoka kwenda kanisani. Lakini umeandika hukwenda. Na hata hivyo kutoka kungeonekana, hatua zingeelekea mlangoni.

Kisha Mauwa anaanza kutwanga. Na kila mchi wake unapopumzika, Shangazi, kila unapopumzika, kuna kitu kidogo kinagonga sakafu. Kidogo sana. Mtu mwingine angesema ni kelele za chombo. Kinagonga kwenye ule ukimya, mchi ukianza kinanyamaza, ukipumzika kinagonga tena. Kinaendelea hivyo mpaka kinakuwa hafifu. Kisha kinakoma. Alasiri ndiyo naona hatua nyingi, za watu wengi, wanakimbia.

Nimekirudia hicho kipande mpaka mwenzangu akaniuliza nalia nini.

Nimekusikia, Shangazi. Nimechelewa mwezi mzima, lakini nimekusikia. Mkono wako haukuchoka. Mwandiko ule ni wa mkono wa kushoto. Niambie ukweli.

Koku


Madale
3 Agosti 2025

Mwanangu Kokuberwa,

Marahaba. Gladness na mtoto wazima. Huu mwandiko ni wa kulia tena, taratibu, bendeji wametoa.

Kumbe umenitegea mpelelezi chini ya meza! Sawa. Nilianguka. Nilikuwa nimebeba chai, nikakanyaga maji yaliyoingia mlangoni, nikaenda chini mzimamzima. Kifundo cha mkono kikapasuka, nyonga ikakataa kuamka. Nikapiga kelele. Sijui kama zilitoka, Koku. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko mfupa. Unapiga kelele na hujui kama umepiga.

Shavu langu lilikuwa kwenye saruji, na nikahisi kule kugonga. Wakati ule nilikuwa naamini bado ni dunia yako. Nikalala namsikiliza huyo mtu wa chini, nikajisemea, angalau kuna mwenzangu. Kisha pua ikanijulisha. Kisamvu, kimepita kwenye dirisha. Nikajua ni Mauwa, yuko hapo, ukuta mmoja tu. Nikakishika kikombe cha bati nikagonga. Nikagonga anapopumzika ili asikie. Ila yeye anapotwanga anafungulia redio, singeli inalia mpaka bati la uani linatetemeka, mwenyewe ameniambia. Mie mtikisiko wake ulinifikia, wangu haukumfikia. Alipokuja alasiri kuniletea bakuli ndipo aliponikuta. Amelia kuliko mie. Siku hizi hatwangi mpaka kwanza achungulie dirishani kwangu.

Sikukuandikia kwa sababu ungekuja kwa kulazimika. Ungekuja, ungekaa barazani kwenye kile kiti macho makavu mpaka majogoo, na mie ningekuwa ndani najifanya sijui.

Najua, Koku. Tangu Krismasi ile najua. Nilikuona ulivyoingia chumbani ukatazama juu. Si joto. Ni zege. Gervas aliimwaga ile zege nzito akisema ataweka ghorofa, akafa ghorofa iko kwenye nondo tu, zimesimama juu ya paa zinakula kutu. Kila unapolala chini yake unamwona baba yako. Hulali ndani ya nyumba, mwanangu. Tangu Bukoba unalala kwenye hema, umejitafutia kazi yenye mahema. Nilikuuliza ukanijibu lami ya Tegeta.

Sikulaumu. Baba yako alikuwa kaka yangu. Mie nililala chini ya zege kwa kuwa sina hema.

Basi nimefanya hivi. Nimemwita fundi Ansbert, amenijengea kibanda uani, mbao na mabati mepesi, kitanda kimoja, neti, dirisha. Kikianguka chote hakiui hata kuku. Sikwambii uje. Nakwambia tu kibanda kipo.

Na kadi nyingine hii hapa. Humo utakuta kitu, usije ukasema ni kelele za chombo. Barua zako zote zinaanza na shikamoo, na hapa ndani sina mtu wa kumwitikia. Kwa hiyo jioni, kabla sijasali, nasimama mbele ya kisanduku chako napiga mguu chini mara tatu. Ndiyo marahaba yako.

Shangazi yako anayekupenda,
Felicitas


Ngare Sero
24 Agosti 2025

Shangazi, shikamoo.

Zipo. Kila jioni zipo, tatu, na siku ile umeme ulipokatika pia zipo. Jioni moja umepiga mbili tu, nikashika moyo, halafu baada ya muda ikaja ya tatu. Sijui ulikuwa umepumzika au umesahau. Nimekaa na hiyo kadi mpaka betri ya kompyuta ikaisha.

Ni kweli yote uliyoandika. Siuogopi mlima huu, na juzi umerusha majivu mpaka kwenye sufuria yetu. Naogopa dari. Naogopa zaidi ile saa ya mchana, mtu amekula ameshiba, amejinyoosha kitandani kwake, kama baba. Nimesoma dunia mpaka kiini nikidhani nikiijua nitalala. Sijalala. Na wakati mie nasikiliza kiini, wewe ulikuwa unagonga na kikombe.

Nimeomba likizo. Haikuwa imesimamishwa, Shangazi. Haijawahi kusimamishwa.

Kibanda kile mpe Mauwa atwangie humo wakati wa mvua. Mie nitalala ndani, chumba cha pili, hapo ulipofagia. Nikishindwa nitatoka barazani, na utazihisi hatua zangu zikipita sebuleni. Usijifanye umelala. Amka unifuate, tukae wote.

Nafika Jumamosi hii, mchana. Simu hutaisikia, geti hutalisikia. Nitapitia kwa Mauwa nimwombe mchi, nipige uani kwako mara tatu. Vua ndala, weka nyayo kwenye saruji. Ukinihisi, itikia kwa sauti, kubwa au ndogo, yoyote itakayotoka. Safari hii nitakuwa mlangoni.

Koku